Kiti cha Kumi na Mbili

Fomu ilitaka kabila, na Saliha hakuwa nalo.

Shida yenyewe ilikuwa hiyo tu. Vita vilikuwa na mwaka wa kumi, na watu wa Bujumbura walishavizoea kama mtu anavyozoea jino bovu: analalia upande wa pili. Lakini karatasi hii haikuwa na upande wa pili wa kulalia. Ilikuwa na visanduku viwili, Hutu na Tutsi, na chini yake maneno: weka alama kwenye kimoja tu. Saliha, msichana wa miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa sekondari, hakuweka alama popote. Aliandika pembeni kwa wino wa buluu: Mswahili wa Buyenzi. Karatasi ikarudishwa.

Safari ilikuwa ya Ayalandi. Vijana kumi na wawili, sita wa huku na sita wa kule, wangepelekwa wiki tatu kwenye nchi ya mvua kujifunza jinsi watu waliouana miaka thelathini walivyokaa meza moja wakatia saini. Walioandaa ni chama kilichoitwa Vijana Daraja, na mkurugenzi wake alikuwa Sylvère, mwanamume mwenye simu tatu na tai moja. Zamani aliuza sementi, mpaka alipogundua kwamba amani inalipa kuliko sementi na haihitaji ghala.

Kwenye insha ya kuchagua wasafiri Saliha alikuwa wa kwanza. Hata Sylvère alikubali, tena mbele za watu.

Baba yake, Massoudi, alikuwa fundi wa rejeta za magari. Kibanda chake kilikuwa barabara ya saba, Buyenzi, na kazi yake ilikuwa kuziba kwa risasi iliyoyeyushwa matundu ambayo jicho halioni. Rejeta ikivuja, anaziba midomo yake yote, anaitia pumzi, anaizamisha kwenye nusu pipa la maji, kisha anangoja. Palipo na tundu, povu linapanda. Darasani aliishia la nne, siku baba yake alipohitaji mtu wa kushika koleo. Kwa hiyo alikula yamini moja maishani kuhusu shule: binti yake hatashikishwa koleo.

Kila Jumamosi Saliha alikwenda kwenye vikao vya matayarisho, na kila Jumamosi jioni aliirudia Ayalandi yote kibandani, kwa baba yake, kwa mama yake Siti, na kwa Yahaya kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa anasikiliza huku kichwa cha mteja kikimngoja.

"Kule wanapigania nini?" Yahaya aliuliza.

"Hawa wanataka kuungana na wenzao wa kusini. Hawa wanataka kubaki na Mwingereza."

"Dini?"

"Wote wa Yesu. Ila kila mmoja na kanisa lake."

"Luga?"

"Moja. Iko na ingine ya zamani, wanaoiongea ni wachache, lakini wanaililia sana."

"Rangi?"

"Wote weupe."

"Sasa mutu anajuaje wa kuua?"

"Anauliza jina. Akishindwa, anauliza shule uliyosoma. Akishindwa, mtaa."

Yahaya alishusha wembe. "Hao ni Warundi," alisema. "Wamepauka tu."

Saliha aliwaeleza pia habari ya ngoma. Kila mwezi wa saba upande mmoja unavaa vizuri, unapiga ngoma kubwa na kupita karibu na milango ya wenzao, kukumbusha vita walivyoshinda miaka mia tatu iliyopita.

"Mia tatu?" alisema Massoudi. "Sisi tuna kumi tu. Bado tuko darasa la kwanza."

Halafu kulikuwa na kuta. Ndefu kuliko nyumba, zimekata mitaa katikati, na milango yake inafungwa usiku. Zinaitwa kuta za amani.

"Zinaitwa nini?" Siti aliuliza.

"Za amani, mama."

"Kama mume anayemfungia mke kwa kufuli, halafu anamsifu kwa uaminifu."

Walicheka. Ulikuwa mwezi wa sita. Mwezi wa saba mabomu yalianguka kusini ya mji wiki nzima, na kikao cha Kusikilizana kikaahirishwa kwa sababu hakuna aliyesikia kitu.

Mabomu yaliponyamaza, Sylvère akaja. Aliacha gari lake likinguruma ili watu waone kwamba lina kipoza hewa, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaitoa ile fomu.

"Muzee Massoudi, mutoto wako ana akili. Lakini Mswahili si kabila. Ni watu wa mtaa."

"Na hao wengine ni nini?"

"Hao ndio wenye vita. Projee ni ya kupatanisha wenye vita. Sasa mtu ambaye hakugombana na mutu, mi nitamupatanisha na nani?"

Massoudi alitazama pipa lake la maji. "Kwa hiyo kosa letu ni kwamba hatukuua."

"Apana kosa, Muzee. Ni bajeti. Bajeti ina safu mbili."

Akaeleza. Mwaka uliotangulia walikuwa wanaandika watu kwa neno la mdomo tu. Basi ndugu wawili, tumbo moja, kila mmoja akajiandikisha upande wake. Wakapatanishwa kule Ayalandi mbele ya kamera, wakalia, wakakumbatiana, mmoja akaomba msamaha kwa niaba ya babu zake. Picha yao ikatiwa kwenye kalenda. Waliporudi ikagundulika wanalala kitanda kimoja nyumbani kwa mama yao, na ugomvi wao pekee ulikuwa wa blanketi. Tangu hapo wafadhili wanataka hati ya ofisi, yenye muhuri na mashahidi.

"Kiti kimebaki kimoja," Sylvère alisema, "cha kumi na mbili. Na Saliha anaweza kukikalia. Amenieleza mwenyewe, kikao cha kusimulia machungu. We si baba yake wa damu. Ana jina lingine, na jina hilo lina kabila. Tuandike tu ukweli, Muzee. Ukweli ni msingi wa amani."

Buyenzi nzima ilijua jambo hilo, na kwa miaka tisa hakuna aliyelitia mdomoni.

Mwaka 1994, ndani ya Ramadhani, mtoto wa miaka tisa aliingia uani kwao akiwa na kandambili moja. Jina lake Jovithe. Wazazi wake walikuwa wameuawa asubuhi ile, na waliowaua walikuwa bado barabarani. Siti hakuuliza kabila. Alimvika ushungi, akamwita Saliha, na kwa siku mbili akamfundisha Alhamdu, mstari kwa mstari, wakiwa chini ya kitanda. Siku ya tatu watu wenye orodha walifika. Massoudi akasema huyu ni binti yangu. Wakasema asome basi sala yenu. Mtoto akasoma mpaka mwisho, akakosea mahali pamoja, na wale watu hawakujua kwamba amekosea kwa kuwa wao wenyewe hawakuijua. Wakaondoka.

Baadaye Massoudi alikwenda kwa shefu, mkuu wa mtaa, akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa kuwa mtoto ni wa damu yake ila hakupata kuandikishwa. Yahaya alikuwa shahidi. Wiki iliyofuata Yahaya naye aliapa hivyo hivyo juu ya kijana aliyemficha kwake, anayeitwa Ilyasi, na Massoudi akawa shahidi. Msomi wa msikitini aliwaambia kiapo cha kuokoa roho kina njia, lakini wafunge siku tatu za kafara. Wakafunga. Siti hakuwa amejaaliwa mtoto. Tangu mwaka huo mtaa mzima ukaacha kumwita Massoudi fundi. Wakamwita Baba Saliha.

Damu ya mtoto ilikuwa ya upande gani? Neno lenyewe ni fupi, na halitaandikwa hapa. Atakayelijua ataanza kuhesabu nani ana haki ya kulia zaidi, na wahesabuji wa namna hiyo wametosha.

Wiki iliyofuata Sylvère alirudi na mama mmoja kutoka Ayalandi, nywele nyekundu, viatu vya kupandia mlima. Alikuja kuona familia. Siti alitoa chai ya tangawizi na sambusa. Mama yule alikula vizuri, akauliza majina ya watu, akayarudia mpaka akayaweza. Massoudi alimpenda. Kwa hiyo akamuuliza swali ambalo lilikuwa linamkaa shingoni.

"Muambie mama," alimwambia Sylvère, "kule kwao, wakati wa kuuana, hawakukosa watu waliowaficha majirani. Wa upande wowote. Wamefungua mlango, wamefunga, wamedanganya kwa ajili ya mtoto wa mutu. Siku ya kutia saini, watu hao walikaa upande gani wa meza? Au hawakupewa kiti?"

Sylvère alikohoa. Akasema kwa Kiingereza maneno manne.

Swali lilikuwa refu kama mkono, na tafsiri ikawa fupi kama ukucha. Mama yule akatabasamu, akainua kikombe, akasema kitu.

"Anashukuru kwa ukarimu wako," Sylvère alitafsiri.

Massoudi alimtazama Saliha. Saliha alijua Kifaransa, alijua na Kiingereza cha kutosha kushinda insha. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna nzi.

Wageni walipoondoka, Massoudi aliuliza, "Alimuambia nini?"

"Kwamba unamkaribisha, baba."

"Na we ukanyamaza."

"Ningesema, Sylvère angenikata kwenye orodha." Akaweka kikombe chini. "Baba, mi nataka kwenda. Si kwa ajili ya ndege. Nataka kukaa mahali wiki tatu watu wasiulize. Halafu narudi. Karatasi ni karatasi tu. Wewe ni baba yangu na karatasi, na bila karatasi."

Siti alikusanya vikombe kwa kelele. "Mutoto anakwenda mahali wasipouliza," alisema, "na mlangoni wanamuuliza."

Massoudi hakulala vizuri, lakini uamuzi wake ulikuwa umeshakaa. Alikuwa amekula yamini kuhusu shule, na hii kwake ilikuwa shule. Akamwendea Yahaya amwombe awe shahidi wa kufuta, kama alivyokuwa shahidi wa kuandika.

Yahaya alikuwa ananoa wembe. Hakuacha.

"Baba Saliha, tuliapa siku moja."

"Najua."

"Ukifungua mlango wako, upepo unaingia kwangu. Watasema, kama huyu alidanganya, na shahidi wake je? Watauliza Ilyasi ni nani."

"Nani atauliza? Ni karatasi ya wazungu. Itakwenda Ayalandi."

"Karatasi ya wazungu inapita kwanza ofisi ya zone," alisema Yahaya, "na ofisi ya zone ina madirisha."

Hakuja. Massoudi akapata mashahidi wengine watatu, watu wa kahawa, waliokuja kwa kuwa ofisi ilikuwa karibu na kahawa. Alisimama mbele ya meza ile ile ya mwaka 1994, ila sasa ilikuwa na mguu mmoja wa tofali. Hakuna aliyetaka Msahafu. Walitaka saini na stempu. Akasema: huyu si binti yangu. Karani akamwambia aseme tena, polepole, anaandika. Akasema tena.

Kwa ule uongo alifunga siku tatu, na mambo yakaisha. Kwa ukweli huu alimuuliza msomi afunge siku ngapi, na msomi akamwambia ukweli hauna kafara.

Saliha akawa Jovithe. Kisanduku kikapata alama. Sylvère alimpigia Massoudi saluti ya utani, akasema sasa imebaki pasipoti tu.

Pasipoti ikakataa.

Msichana wa chini ya miaka ishirini na mmoja, alisema afisa, hasafiri bila idhini ya baba.

"Mi hapa," alisema Massoudi.

Afisa akageuza karatasi, akaisoma, akaigeuza tena kumwonyesha. Ilikuwa na saini ya Massoudi, kubwa, ya mtu wa darasa la nne. "Hapa umesema si wako."

Fundi wa rejeta akawa amejizibia midomo yote na kujizamisha mwenyewe majini. Akabaki anatazama povu linapanda.

Ilibidi atafutwe ndugu wa damu. Saliha alikumbuka jina la baba yake mdogo, Marcellin. Kwa miaka tisa hakuonekana. Sylvère alimpata kwa siku nne. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka barabara ya saba, na nyumba yake ilikuwa Kibenga, kando ya ziwa.

Marcellin hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Massoudi zaidi. Alikuja kwa heshima, na suti, na kreti zima la bia, kwa kuwa kwao mtu hafungui neno zito bila kinywaji cha kulifungulia. Akaliweka katikati ya ukumbi wa Siti, chini ya picha ya Makka. Wakakaa. Mwenyeji hawezi kunywa, mgeni hawezi kuanza. Kreti likakaa kati yao kama ukuta wa amani. Mwishowe Siti alimtuma jirani akaleta Fanta, na Marcellin akafungua Fanta, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya marehemu kaka yake, akaanza.

Alisema alimtafuta mtoto kambini, akamtafuta hospitalini, akamtafuta kwenye orodha za waliozikwa pamoja. "Buyenzi sikutafuta," alisema. "Mutoto aliyebatizwa, nani atamtafuta kwenye madrasa?"

"Ndiyo maana alikuwa huku," alisema Massoudi.

Saliha alipoingia, Marcellin alilia, kilio cha kweli, kilichomtoa makamasi. Alipomaliza kujifuta aliuliza kwa nini mtoto amefungwa kichwa.

Akatoa masharti yake taratibu, kama mtu anayeomba. Atatia saini. Lakini akirudi, mtoto arudi nyumbani kwa baba zake, Kibenga. Aitwe jina lake. Asali kwao. "Ndugu yangu Massoudi, umetutunzia. Mungu atakulipa. Lakini we mwenyewe umeandika ofisini. Si wako. Kama si wako, ni wangu."

Massoudi alimgeukia Saliha, akangoja. Alikuwa ameshamwona binti huyu akinyamaza mara moja kwa ajili ya safari hii, na moyo wake ulitaka kuona kama atanyamaza tena.

"Ni wiki tatu tu," Saliha alisema, na haikueleweka anamjibu nani.

Marcellin akatia saini palepale, juu ya kreti.

Wakaenda mwezi wa nane. Kadi ya posta ilifika baada yao kurudi, kama ilivyo kawaida ya posta. Saliha aliandika: "Baba, nimeuona ukuta. Ni mrefu kuliko msikiti. Tumepewa kalamu tuandike matakwa yetu juu yake. Tulikaa kwenye duara, wa huku upande huu, wa kule upande ule, kila mtu aseme nani alimuumiza. Mi nikasema nani alinificha. Wakauliza alikuwa upande gani. Nikasema fundi wa rejeta. Mama wa nywele nyekundu akasema kwao pia wako, ila hawajui wawaandike wapi. Lile swali lako nimemuuliza. Akasema hawakupewa kiti."

Aliitia saini Saliha. Juu, kwenye anwani ya mtumaji, ameandika Jovithe.

Wakati Saliha yuko angani, Sylvère alikuwa ameshasimama kwa Yahaya kuuliza kama Ilyasi angependa kiti cha mwaka unaofuata, maana amesikia naye ana hadithi nzuri. Yahaya akamfukuza na wembe mkononi. Siku sita baadaye walikuja wengine wawili kumuulizia Ilyasi, na hawa hawakuwa na fomu. Jioni hiyo hiyo Ilyasi alipanda meli ya mizigo ya Kigoma, amelala juu ya magunia, na hajarudi.

Sasa Saliha anakaa Kibenga, na anakuja Jumapili, akitoka kanisani. Anajifunga mtandio kwenye kona ya barabara kabla hajaingia, na anaufungua kwenye kona hiyo hiyo akitoka, dereva wa Marcellin akimngoja. Siti anampikia pilau. Wanaongea habari za masomo. Kwenye ukumbi kuna cheti alichowaletea, kina jani la kijani lenye ncha tatu, na kimeandikwa kwamba Jovithe ametimiza saa tisini za upatanisho. Alimletea Massoudi fulana ya kijani pia. Anaivaa kazini, imeunguzwa na matone ya risasi ya kuzibia mahali pawili.

Sylvère amepeleka ripoti. Inasema viti kumi na viwili vilijazwa vyote.

Gharama nyingine hazimo kwenye ripoti, kwa hiyo zihesabiwe hapa. Binti mmoja, siku sita katika wiki. Kijana mmoja wa jirani, yuko Kigoma, anabeba magunia yale aliyoyalalia. Kinyozi mmoja, rafiki wa miaka ishirini na sita, ambaye sasa Massoudi akipita anageuza kiti cha wateja kitazame ukutani. Massoudi ananyolewa mtaa wa Asiatique, na watu asiowajua. Kiapo kimoja. Sahani moja ya Saliha, ya bati, ya buluu, imekaa juu ya kabati siku sita na kushushwa ya saba.

Na jina. Barabara ya saba hawajui tena wamwiteje. Miaka tisa aliitwa Baba Saliha. Siku hizi wanamwita Fundi.